Sampuli ya Heshima

Kwanza niseme wazi kwamba silalamiki. Katika nchi yetu malalamiko yana siku yake, nayo ni tarehe ishirini na tisa Februari, ikiangukia Jumatano, kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi. Mimi naandika mwezi wa saba, kwa hiyo haya si malalamiko. Ni habari tu, mama anawapa mama wenzake, kama unavyomwambia jirani kuna chupa imevunjika njiani, awapitishe watoto pembeni.

Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali ipo, lakini kibao cha mlangoni kina jina la nchi, kwa hiyo wamekifunika kwa turubai mpaka na wao wapate kibali. Watu wanaitafuta ofisi hiyo, hawaioni.

Basi mwaka ule mvua ilinyesha vizuri. Nyanya zilizaa mpaka mashina yakalala chini. Bamia, pilipili, maembe, kila kitu kilikubali. Serikali ikatangaza kwamba mboga na matunda yote yapelekwe Ghala Kuu, yasije yakaliwa ovyo na watu wasio na mpango. Tukapeleka. Ghala lilikuwa jipya, milango minane, na lilikuwa halijafunguliwa rasmi. Sheria ikasema kuingiza ruksa, kutoa marufuku, mpaka Mheshimiwa Waziri wa Mazao na Furaha akate utepe. Utepe ulikuwepo. Mkasi ulikuwepo. Mheshimiwa alikuwa amesafiri kwenda kujifunza kukata utepe kwa wenzetu walioendelea. Akakaa huko wiki tisa, maana alipofaulu kukata walimwongezea na kozi ya kufunga.

Aliporudi akaukata, na harufu iliyotoka mle ndani iliwalaza chini wapiga tarumbeta wawili. Mheshimiwa hakuyumba. Alichungulia, akaziona nyanya zimeota manyoya, meusi, ya kijani, mengine meupe kama pamba. Akatugeukia.

"Ndugu wananchi! Kuna wachochezi walisema mazao yataoza. Mimi nimeingiza kichwa changu chote humu, na sioni kilichooza. Ninachokiona ni mazao yaliyokomaa kupita matarajio!"

Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Binti yangu Tausi, nilikuwa nimemshika mkono mmoja, akapiga kwa mkono wa pili kwenye paja.

Mazao yakaenda kuanikwa uwanja wa ndege, kwa kuwa ndege yetu iko kwenye matengenezo tangu mimi niko darasa la pili. Mvua ikayanyeshea mara mbili, jua likayapiga mara tatu, yakasagwa yote pamoja, pilipili na embe, bamia na nyanya. Ukapatikana unga wa rangi ambayo haina jina. Ukaitwa Unga wa Mboga wa Taifa, ukagawiwa shule zote kuwa kitoweo cha mchana. Unachemshwa, unamwagiwa juu ya ugali, watoto wanaimba, wanakula.

*

Hapa lazima nieleze utaratibu wa kula, maana bila huo hamtanielewa.

Kwetu mtoto wa shule hahesabiwi kwa kuonekana darasani. Waziri wa Elimu alisema kuonekana si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuonekana. Mtoto anahesabiwa kwa bakuli. Kila mtoto ana bakuli la bati lenye jina lake kwa rangi nyekundu. Baada ya chakula mabakuli yanapangwa mstari, mwalimu anapita na Daftari la Ulaji. Bakuli tupu, mtoto yupo. Bakuli lina kitu, mtoto hayupo, hata kama amesimama hapo hapo amemshika mwalimu kiuno. Mara tatu hayupo, mama anaitwa aeleze kwa nini analea mtoro wa chakula. Na ukimfungia mtoto chakula cha nyumbani, hiyo ni hujuma dhidi ya Unga, wanakuja wanaume wawili wenye suruali zilizonyooka.

Tausi alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Nilimlea vizuri. Alipokea kitu kwa mikono miwili. Hakuacha chakula, hakununa mbele ya mgeni. Majirani walikuwa wananiambia, "Mama Tausi, mtoto wako ana adabu, umemlisha nini?" Nikawa nacheka kwa kujivuna. Leo natamani ningemlea vibaya.

Ilianza kwa uchovu. Anarudi shule, analala na sare. Halafu tumbo likaja mbele, miguu ikabaki nyuma. Siku moja asubuhi namnawisha uso, namwona macho, yamekuwa ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati kwa Dokta Lwidiko.

Dokta alimbonyeza tumbo, akamwangalia macho, akanikaribisha kiti.

"Anakula nini?"

"Chakula cha shule, dokta."

Akaweka kalamu mezani polepole, kama anaweka yai.

"Mama Tausi, mimi nina watoto wanne."

"Hongera, dokta."

"Sikukwambia ili unipongeze." Akainuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha. "Ini limevimba. Ule unga una kuvu, na kuvu ina sumu yake, sumukuvu. Huioni, huinusi. Ukichemsha haifi. Ukiunga na nazi unaifanya iwe tamu, basi. Na inakusanyika mwilini, leo kidogo, kesho kidogo. Huyu mtoto asiule tena, hata kijiko."

"Niandikie cheti basi nipeleke shule."

"Nikiandika neno unga, lazima niambatanishe karatasi ya Mtambo, ule wa kupima sumukuvu. Bila karatasi ya Mtambo nimemsingizia Waziri."

"Sasa hapo umeandika nini?"

Akanigeuzia cheti. Alikuwa ameandika: *Mtoto ana macho yanayopenda rangi.*

Nikaona basi, kazi yangu ni moja. Nipate karatasi ya Mtambo. Karatasi moja tu, yenye namba, nimpe mwalimu, bakuli la Tausi liwekwe kando.

*

Mtambo wenyewe tulipewa zawadi na watu wa nchi ya mbali ambao harufu ya Ghala Kuu iliwafikia. Ni chombo cha ajabu. Unakipa tunda au mboga, mbichi au kavu, kinakutolea namba ya sumukuvu. Kumi kushuka chini, kula. Kupita kumi, fukia shimoni. Waliouleta walisema ni rahisi, hata mtoto anaweza.

Lakini walisahau kwamba Mtambo umetoka mbali, na kitu kilichotoka mbali kwetu ni mgeni. Na mgeni, mama mwenzangu, utampa kilichooza? Mtambo ukapokelewa kwa ngoma, ukapewa cheo cha Mheshimiwa, ukawekewa zulia na kiyoyozi, ilhali wodi ya wazazi ina feni moja nayo inazunguka ikitaka. Na ikatoka amri kwamba kila wilaya itauletea Mheshimiwa Mtambo Sampuli ya Heshima, yaani kile kipande cha kupimwa kiwe bora kuliko vyote.

Mngeona wilaya zilivyoshindana! Kamati za kuchagua nyanya ziliundwa. Nyanya inaoshwa, inapakwa mafuta, inafungwa kwenye kanga mpya, inapandishwa juu ya sinia, akina mama nyuma wanapiga vigelegele kama wanapeleka mwali. Kuna wilaya ilileta embe moja zuri mpaka watu walipanga foleni kuliona, na mkuu wa wilaya alilia wakati wa kuliaga.

Mtambo ukapima, sifuri. Wilaya ya pili, sifuri. Wilaya zote, sifuri. Bunge likakaa likapitisha kwa kauli moja kwamba kuvu haipo nchini, na kwamba kuvu wachache waliosalia wanapewa saa ishirini na nne wawe wamevuka mpaka.

*

Nilikwenda jikoni shuleni kwa Mama Ngwashi, mpishi. Tumesoma wote mpaka la saba, alikuwa ananakili hesabu zangu.

"Ngwashi, nigawie unga kidogo."

"Unautaka wa nini? Nyumbani umekosa sumu ya panya?"

"Usinitanie, mtoto anaumwa."

Akaacha kucheka. Akachungulia dirishani, akanivuta kwenye gunia, akaingiza mkono mpaka begani.

"Huku juu nimeweka wa kuonyesha wakaguzi. Wewe chukua wa chini, shoga. Wa chini ndio wenyewe."

Alichotoa kilikuwa na mabonge ya kijani kama mavi ya bata. Tukayafunga pamoja na unga wake kwenye kipande cha gazeti. Nikapanda basi kwenda mjini, Maabara Kuu ya Kuthibitisha Usalama. Jina lake msilipite haraka. Haikuitwa ya kupima. Iliitwa ya kuthibitisha.

Mapokezi alikaa Bwana Ndimbwelu, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukasirikia. Akafungua gazeti, akabadilisha miwani.

"Hiki nini?"

"Unga wa shule, mzee wangu. Nimekuja upimwe."

"Hiki? Mbele ya Mtambo?" Akasimama. "Hebu njooni! Njooni muone mama wa watu alichokibeba!"

Wakatoka vyumbani, wakaja, wanaume sita na mwanamke mmoja wa chai. Wakaangalia, wakashika pua.

"Kwenu mgeni akija mnampa makoko?" Bwana Ndimbwelu akaniuliza. "Hata kanga hukuwa nayo? Umefunga na gazeti! Na gazeti lenyewe lina picha ya Mheshimiwa Waziri, umempaka kuvu mpaka kwenye tai!"

"Kwa hiyo mzee unakubali kwamba hii ni kuvu?"

Yule wa chai akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Mimi nimesema kuvu?" Bwana Ndimbwelu akawauliza wenzake.

"Hapana, mzee. Umesema vumbi."

"Nimesema vumbi. Sikiliza, mama. Sisi hapa hatupimi uchafu. Uchafu unajulikana, upimwe wa nini? Sisi tunapima kizuri, ili uzuri wake ujulikane. Rudi nyumbani ukauandae. Uchekeche, ondoa hayo mabonge, toa kila chenye sura mbaya. Ukiwa na adabu, Mtambo utaupokea."

Mmoja akasema nyuma, "Akaoge na yeye," wakacheka. Nikajitanda kanga yangu vizuri, nikatoka. Masikio yalikuwa yanawaka.

Hapa ndipo nawaomba msinihukumu haraka, maana hata mimi mwenyewe bado sijamaliza kujihukumu.

Nilifika nyumbani, nikatoa ungo, nikakaa kizingitini mchana kutwa. Nikachekecha. Nikaokota mabonge ya kijani moja moja kama ninavyookota mawe kwenye mchele, nikayatupia bata. Nikachekecha tena. Nikaufukiza udi kidogo, harufu ipungue. Nikaufunga kwenye kanga yangu ya harusi, ile ambayo hata msibani siivai. Ulipendeza, nawaambia kweli! Niliuangalia nikasema sasa yule mzee aniambie tena habari ya makoko. Aibu niliyotiwa mbele za watu ilinisahaulisha nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka unga wangu usifiwe.

Na ulisifiwa. "Sasa huyu ndiye mama!" Bwana Ndimbwelu alisema kesho yake, akanipa mpaka kiti. Nikaingizwa ndani kwa Mtambo, nikavua ndala. Kulikuwa na binti wa koti jeupe, Restuta, ndiye aliyefundishwa kuuendesha. Akafungua kanga, akaunusa ule udi, akaniangalia kwa huruma kiasi kwamba nilijiangalia kama nimechana gauni. Akaugeukia Mtambo. Bwana Ndimbwelu alikuwa mlangoni.

Mtambo ukanguruma, ukatoa namba. Saba.

Nikapewa karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu: *Unga wa shule ni SALAMA. Sampuli imeletwa na kuandaliwa kwa mikono ya Mama Tausi.* Nakala ilikwisha tangulia shuleni kwa pikipiki kabla sijavaa ndala zangu. Barua ya kuomba dawati ilichukua miaka minne, lakini hii ilipewa pikipiki.

Mwalimu Mkuu aliisoma mstarini, watoto wote wakisikiliza. "Mama mwenyewe, mwenye mtoto mgonjwa, amekwenda kwa miguu yake, amepima, amethibitisha. Nani mwingine ana swali?" Kwa kuwa Tausi alionekana mnyonge, ikaamuliwa aongezewe upawa mmoja apate nguvu.

*

Jumapili yake nilikuwa uani nawaangalia bata. Nilikuwa nao sita. Wanne walikuwa wamelala, miguu juu. Nikasikia hodi, akaingia mwanamke amejitanda mpaka puani. Ni yule Restuta.

"Mama, shikamoo. Samahani, yale mabonge uliyoyatoa uliyatupa wapi?"

Nikamwonyesha bata.

Akachuchumaa, akamgusa mmoja shingo. "Mama yangu," akasema, "sumu hii haikai kama chumvi kwenye mchuzi, kwamba ukionja popote umeonja sufuria zima. Inakaa mafungu mafungu. Ndiyo maana tulifundishwa tuchote kila pembe ya gunia, juu, chini, katikati, tusage pamoja ndipo tupime. Hawa wanachagua kizuri, wanapima kizuri. Lile ulilolitoa kwa mkono wako ndilo lilikuwa jibu."

"Na hukuweza kuniambia siku ile?"

"Bwana Ndimbwelu alikuwa mlangoni."

"Wewe nawe!"

"Ndiyo, mama. Na mimi."

Tukapiga magoti wote wawili kwenye banda la bata. Tukakwangua yaliyobaki, mabonge manane, moja limekanyagwa. Nikaleta kanga ya kuyafutia, Restuta akanishika mkono. "Usiyafute. Yaende hivi hivi."

Akayapima Jumatatu saa saba mchana, wakubwa walipokwenda kula. Wao wanakula nyumbani kwao, vyakula vinavyotoka nje. Saa nane kasoro akanikuta nyuma ya uzio, akanipa karatasi isiyo na muhuri wa dhahabu, namba tu na saini yake. Mia tisa na arobaini.

"Mwisho ni kumi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mwisho ni kumi, mama. Kimbia."

Nilikimbia. Mtu mzima na mwili wangu huu, nilikimbia mpaka stendi nikiwa nimeishika karatasi kifuani. Nilikuwa na furaha! Mtoto wangu anaumwa, mimi nina furaha, kwa sababu nilikuwa nimepata namba kubwa.

Mwalimu Mkuu aliipokea, akaisoma, akairudia kutoka juu. Nikasema moyoni, huyu ameelewa.

"Mama Tausi, jambo hili ni zito. Linanizidi mimi. Lazima liende juu."

"Liende, mwalimu, lakini bakuli la Tausi leo liwekwe kando."

"Bakuli nalo linanizidi. Liende juu na lenyewe."

Zikaenda juu, karatasi na ombi la bakuli. Huko juu ikaundwa Tume ya Kuchunguza Namba, wajumbe kumi na wawili, wakakaa hoteli ya ziwani wiki mbili, kwa sababu namba inataka utulivu. Wiki mbili hizo Tausi aliendelea kula, na upawa wa nyongeza. Mimi nilimficha nyumbani siku mbili. Ya tatu wakaja wale wa suruali zilizonyooka, wakamchukua wenyewe kwa upole, mmoja akambeba mgongoni akimwimbia. Mikono ya Tausi ilikuwa haiwezi tena kushika bakuli. Mwenzake wa dawati alikuwa anamshikia, naye anakula.

Nilimwambia, "Mwanangu, usimeze. Uteme ukiwa chooni."

Akaniambia, "Mama, mwalimu anasema tukimaliza tusiondoke mpaka tuonyeshe ulimi."

*

Matokeo ya Tume tuliyasikia redioni. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alizungumza, nyuma yake bendi, wale wapiga tarumbeta wawili wamepona.

"Ndugu wananchi! Tume imethibitisha bila woga kwamba namba ni mia tisa na arobaini. Serikali yenu haifichi namba! Lakini nawauliza. Wenzetu huko nje wameridhika na kumi. Tangu babu zao, kumi! Sisi ni taifa la watu wa kumi?"

"Hapanaaa!" redio ikajibu.

"Kila kitu chetu kinapanda! Barabara zinapanda! Majengo yanapanda! Iweje kiwango chetu cha usalama kilale pale pale? Kuanzia leo, kiwango cha taifa ni elfu moja! Na kwa hesabu hiyo, unga wa watoto wetu ni salama, na tumebakiwa na akiba ya sitini!"

Jirani yangu aligonga ukuta kunipongeza. Mtaa mzima ulijua ile namba niliileta mimi.

Restuta alipandishwa cheo. Akapelekwa mlimani, peke yake, kuwa Mkuu wa Kituo cha Kupima Urefu wa Majani. Mtambo ukastaafishwa kwa heshima, ukafunikwa kitambaa, ukawekewa mlinzi asiruhusu mtu kuusumbua. Bwana Ndimbwelu akabaki mapokezi kupokea sampuli, ambazo sasa hazina pa kwenda, kwa hiyo nzuri anazila. Dokta Lwidiko niliporudi kwake nilikuta zahanati imefungwa. Alikuwa amehama na wale wanne wake.

Kisha ikaja sherehe ya Kiwango Kipya, na ikachaguliwa ifanyike shuleni kwetu, kwa heshima ya Tausi. Maturubai, viti vya plastiki, Mheshimiwa na msafara wake, watoto wamepangwa mistari wanapunga vitambaa. Tausi nilimleta mgongoni, mwepesi kama kanga iliyokauka, isipokuwa tumbo. Nikamketisha mbele kwenye kiti kikubwa. Miguu haikufika chini.

Mama Ngwashi akapakua bakuli la kwanza. Mheshimiwa akalipokea, akamnyooshea Tausi, kamera zikasogea.

"Bakuli la kwanza la kiwango kipya ni la binti yetu huyu. Kula, mama, taifa linakuangalia."

Tausi akanigeukia. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya adabu, asimwaibishe mgeni:

"Mama, nile?"

Sijui kama yupo mama ambaye amewahi kuulizwa vile mbele ya watu elfu mbili. Nikasimama. Nikalipokea lile bakuli kwa Mheshimiwa, kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Mheshimiwa, kwetu mama huonja kwanza."

Nikala. Sikuonja, nilikula, kijiko kwa kijiko, nikafuta kwa kidole, nikalamba mpaka bati likaonekana. Nilijua nikimaliza bakuli litakuwa tupu, na bakuli tupu ni mtoto yupo. Nilidhani nimewaweza kwa sheria yao wenyewe. Uwanja mzima ukalipuka makofi.

"Huyu ndiye mama wa taifa!" Mheshimiwa akapaza sauti, na nilimwona ameguswa kweli, chozi lilikuwepo. "Mama ametuonyesha mfano! Mwongezeeni na mtoto!"

Mama Ngwashi alisimama na upawa mkononi, hasogei. Mwalimu Mkuu akamsukuma bega. Akachota, akaja, akiinama kumpa akaninong'oneza sikioni, "Nimechota juu, shoga. Nimechota juu kabisa."

Tausi akapokea kwa mikono miwili, mimi nikimshikilia viwiko. Akasema, "Asante, Mheshimiwa." Akala. Ilimchukua muda mrefu mpaka bendi ikarudia wimbo wake mara nne. Alipomaliza akatoa ulimi bila kuambiwa.

*

Tulimzika siku ya tisa baada ya sherehe. Serikali ilituma shada lenye utepe, na mtu wa kuukata.

Nilipopata nguvu nikaenda shuleni kufuta jina lake kwenye Daftari la Ulaji. Sikutaka kitu kingine. Mwalimu wa darasa la tatu ni kijana mpole, alinipa pole kwa kusimama, akafungua daftari. Nikaona kwa macho yangu. Siku ya mazishi: yupo. Kesho yake: yupo. Wiki nzima, alama nyekundu zimenyooka vizuri: yupo, yupo, yupo.

"Mwalimu, mwanangu amekufa."

"Najua, Mama Tausi. Nilikuja kuzika. Lakini bakuli lake linapakuliwa, na kila siku linarudi tupu. Siwezi kumfuta mtu anayemaliza chakula."

"Linaliwa na nani?"

"Mimi naandika mabakuli, mama. Midomo siiandiki."

Nikatoka mpaka jikoni. Nikaliona limepangwa na mengine, limeoshwa, jina lake limebanduka kidogo ukingoni. Nikamuuliza Mama Ngwashi. Akasema wanapewa kwa zamu wale wanaowahi kumaliza, wale wasiobakiza, wale watoto wazuri.

Basi wewe mwenye mtoto darasa la tatu, akirudi leo, hata kabla hajavua viatu, muulize amekula bakuli moja au mawili.